Nani Anayeagiza Bia ya Tatu?

Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa moja usiku, meza za baa za Sinza jijini Dar es Salaam huwa zimeshajaa. Jiko la nyama linafuka moshi, baamedi anauliza "Ya moto au ya baridi?", na mtu aliyetoka nyumbani na nia ya kunywa mbili tu anavuta kiti. Ikifika saa tano, mezani pake pana chupa tupu tano. Akiulizwa ni wakati gani hasa aliamua kuongeza zile tatu, hana jibu, na wala hadanganyi. Sehemu ya ubongo ambayo ingemsaidia kuamua ndiyo iliyoguswa mapema zaidi na zile mbili za mwanzo.

Jambo hili hujadiliwa sana kama suala la tabia: fulani hana kiasi, fulani anajua kunywa. Tabia ina nafasi yake. Lakini chini ya tabia kuna hesabu, na hesabu hiyo mtu yeyote anaweza kuifanya kwenye kikaratasi, mradi aifanye kabla hajaketi.

Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 hubeba mililita 25 za pombe tupu, yaani takriban gramu 20. Pombe hiyo haihitaji kumeng'enywa kama ugali. Kidogo hupenya kwenye kuta za tumbo la chakula, na kilichobaki, ambacho ndicho kingi, hupenya kwenye utumbo mwembamba na kuingia moja kwa moja kwenye damu. Miaka ya 1930 mwanasayansi wa Sweden, Erik Widmark, alitoa kanuni ya kukadiria kiwango chake, na hadi leo wataalamu wa mahakamani wanaitumia. Msingi wake ni kwamba pombe husambaa kwenye maji ya mwili, wala haipendi mafuta. Kwa hiyo uzito wa mtu una maana, na jinsia yake ina maana vilevile.

Mwanamume wa kilo 70 akinywa chupa hiyo moja, damu yake hupanda kufikia takriban miligramu 40 za pombe katika kila mililita 100. Mwanamke wa kilo 55 akinywa chupa ileile hupita miligramu 60. Mwili wa mwanamke kwa kawaida una maji machache zaidi kwa kila kilo, na tumbo lake huwa na kiasi kidogo zaidi cha kimeng'enya kinachoanza kuivunja pombe kabla haijaingia kwenye damu. Haya ni makadirio. Aliyekula vizuri atapanda polepole na kilele chake kitakuwa chini. Ila tofauti yenyewe haifutiki. Wawili hao wakikaa meza moja kuanzia saa moja hadi saa tano usiku, mwanamke mwenye chupa tatu na mwanamume mwenye chupa tano wataondoka wakiwa na kiwango kinachokaribiana. Anayemshurutisha dada wa watu "akimbizane" naye chupa kwa chupa anamlewesha karibu mara mbili.

Kwenye pombe kali hesabu hubadilika haraka, kwa sababu macho huona chupa ndogo. Konyagi ina kilevi cha asilimia 35. Chupa yake ya mililita 200, inayoingia mfukoni, ina takriban gramu 55 za pombe, karibu sawa na bia tatu. Mzinga wa mililita 750 una zaidi ya gramu 200, sawa na bia kumi. Serikali ya Tanzania ilipopiga marufuku viroba kuanzia Machi 1, 2017, sehemu ya kilichokuwa kikipigiwa kelele ilikuwa hii: kifuko kidogo cha plastiki, bei ya mfukoni, na kilevi kikali ambacho kijana aliweza kukimaliza akisubiri daladala.

Kuondoka kwa pombe mwilini ni habari nyingine kabisa. Kiasi kidogo hutoka kwa pumzi, jasho na mkojo, lakini zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi ni kazi ya ini, na ini hufanya kazi hiyo kama benki yenye dirisha moja: foleni iwe ya watu watatu au thelathini, karani anahudumia kwa kasi ileile. Kwa watu wengi kasi hiyo ni kushusha miligramu 15 hivi kwa saa. Bia moja kwa yule mwanamume wa kilo 70 inahitaji karibu saa tatu kwisha kabisa. Anayeagiza nyingine kila baada ya dakika 45 anajaza haraka kuliko mwili unavyoweza kuondoa, na pengo hilo ndilo ulevi.

Mwanzoni pengo ni zuri, na kulikataa hilo ni kupoteza wasikilizaji. Kwenye miligramu 20 au 30 mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi hutanuka na uso hupata joto. Ndani ya ubongo, pombe huipa nguvu kemikali ya kutuliza iitwayo GABA, huizuia glutameti ambayo kazi yake ni kuchangamsha, na husababisha kumwagika kwa dopamini, inayoleta raha. Mtu mwenye haya huanza kuongea. Anayewaza madeni huyasahau kwa muda. Wengi huhisi kwamba wamechangamka, kumbe pombe ni kitulizaji tangu funda la kwanza. Kilichotulizwa mapema ni sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayomfanya mtu apime neno kabla ya kulitoa.

Ikikaribia 50, sauti hupanda. Vicheko huwa virefu kuliko utani wenyewe. Simu huanza kupigwa kwa watu ambao hawajapigiwa tangu mwaka jana. Hapa ndipo ofa zinapoanza. "Meza ile wape moja moja!" Baamedi anazipanga bia ambazo hazijafunguliwa mbele ya mtu ambaye tayari ana moja mkononi, na kwa desturi za baa zetu kuzirudisha ni kama dharau. Mtu huyu bado anatembea sawasawa, bado anakumbuka bei, na angekasirika akiambiwa amelewa. Lakini uwezo wa kugawanya umakini, wa kuangalia mambo mawili kwa wakati mmoja, umeshapungua, na pamoja nao umepungua uwezo wa kujitilia shaka. Anajiona yuko vizuri kuliko alivyo. Bia ya tatu inaagizwa na mtu huyu, si na yule aliyesema nyumbani kwamba atakunywa mbili.

Shirika la Afya Duniani linashauri sheria zisimruhusu dereva kuzidi miligramu 50, na dereva kijana asizidi 20. Sweden na Norway wameweka 20 kwa kila dereva. Tanzania, kwa Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, bado iko kwenye 80. Kenya hupima pumzi, na kanuni zake za 2011 ziliweka kikomo cha miligramu 0.35 kwa lita moja ya pumzi, ambacho kikigeuzwa kuwa damu kinakaribia hiyo 80. Namba hiyo ni ya ukarimu mno. Dereva mwenye 75 yuko ndani ya sheria, na polisi akimsimamisha atamwachia aende zake, lakini macho yake yamechelewa kulifuata gari linalotoka pembeni, makadirio yake ya umbali yamelegea, na mguu unachukua muda mrefu zaidi kufika kwenye breki.

Ushahidi wa hilo si mpya. Robert Borkenstein, aliyewahi kuwa polisi katika jimbo la Indiana, Marekani, na ambaye mwaka 1954 alitengeneza kifaa cha kupima pombe kwa pumzi, baadaye aliongoza utafiti katika mji wa Grand Rapids, Michigan. Walilinganisha madereva waliopata ajali na wengine waliopita njia zilezile bila ajali. Matokeo yaliyotolewa mwaka 1964 yalionyesha kwamba hatari huanza kupanda waziwazi kabla ya kufika 80, na ikishapita hapo hupaa. Mashine ambayo Wakenya huiita Alcoblow ni mjukuu wa kifaa chake. Hufanya kazi kwa sababu pombe iliyo kwenye damu huvukia ndani ya mapafu kwa uwiano unaojulikana, na ndiyo maana kutafuna bazoka au karafuu hakusaidii kitu: kinachopimwa ni hewa ya ndani ya kifua, wala si harufu ya mdomo.

Kati ya 100 na 150 hata mtoto mdogo anaona. Ubongo wa nyuma, unaoratibu misuli na mizani ya mwili, umelegea. Ulimi unakuwa mzito, hatua zinapanuka, na ngazi tatu za choo cha baa zinageuka mtihani. Safari za chooni nazo zina sababu yake. Pombe huizuia homoni inayoziamuru figo zihifadhi maji, kwa hiyo mtu hukojoa maji ya mwili pamoja na ya bia, na kiu ya alfajiri huanzia hapo. Hisia hupinduka bila taarifa. Aliyekuwa akikumbatia watu saa tatu usiku anatafuta wa kugombana naye saa tano, maana akili iliyofika hapa huona kilicho mbele ya pua tu: mtu amenikanyaga, basi. Kwamba amekanyaga bila kukusudia, kwamba kesho kuna kazi, kwamba yule ni shemeji, hayo yote yako mbali. Kondomu iliyomo kwenye mkoba nayo inasahaulika kwa njia hiyohiyo, na hata neno la kukubali linalotolewa katika hali hii halina uzito wa kukubali. Mtu muungwana hulisubiri hadi kesho.

Panapokaribia 150 na kuendelea, hasa kwa aliyepanda haraka, huja jambo linalowatisha wanywaji wenyewe kuliko kutapika. Hipokampasi, sehemu ndogo ya ubongo inayoandika kumbukumbu mpya, husimama kazi. Mtu hajazimia. Anacheza, anabishana kuhusu Simba na Yanga, analipa bili kwa simu, pengine anatuma laki moja kwa namba asiyoijua vizuri. Asubuhi hakuna hata kimoja, na hakitarudi, kwa sababu hakikuandikwa tangu mwanzo. Walio naye wanaweza wasigundue. Dalili moja inayosaidia ni kurudia: akiuliza swali lilelile mara ya tatu, au akisimulia kisa alichokisimulia dakika kumi zilizopita kana kwamba ni kipya, huyo hapaswi kubaki na simu yake ya malipo, funguo za gari, wala kuondoka na mtu asiyemfahamu.

Kutoonekana mlevi hakumaanishi kwamba mtu hajalewa. Usiku wa Agosti 31, 1997, Henri Paul aliendesha gari lililombeba Binti Mfalme Diana kutoka hoteli ya Ritz mjini Paris. Vipimo vilionyesha takriban miligramu 175, zaidi ya mara tatu ya kikomo cha Ufaransa cha 50. Kamera za hoteli zilimnasa akitembea, akiongea na kuinama kufunga kamba za viatu, na hakuna cha kumshtua mtazamaji. Watatu kati ya wanne waliokuwa ndani ya gari walikufa, na mwaka 2008 baraza la wazee wa mahakama mjini London lilikitaja kilevi chake miongoni mwa sababu, pamoja na mwendo wake na wa magari yaliyokuwa yakimfuata. Mnywaji wa kila siku hujifunza kuficha kuyumba. Ubongo wake umezoea. Kasi ya kukwepa kitu cha ghafla haizoei hivyo.

Kuzoea huko kuna hila nyingine, mbaya zaidi. Amy Winehouse, mwimbaji wa Uingereza, alikutwa amekufa kitandani kwake Julai 23, 2011, akiwa na umri wa miaka 27. Damu yake ilikuwa na miligramu 416. Hakukutwa na dawa za kulevya mwilini. Alikuwa ametoka kwenye kipindi cha kuacha pombe kisha akairudia, na mtu wa namna hiyo hukinywa kipimo chake cha zamani kwa mwili uliokwisha kusahau. Hali hiyo si ya wanamuziki wa London pekee. Kila mwaka, baada ya Kwaresima au baada ya Ramadhani, au baada ya dozi ndefu ya hospitali, wako wanaorudi baa wakitaka kulipia siku zilizopita.

Zaidi ya 250 mtu huwa hajielewi. Zaidi ya 300 anaweza asiamke hata akifinywa. Karibu na 400, na kwa wengine chini ya hapo, shina la ubongo linalosimamia kupumua hulegea kama ulivyolegea ulimi saa chache kabla. Hesabu ya mzinga irudiwe hapa. Mwanamume wa kilo 70 akiumaliza peke yake kwa mkupuo, kwa kuwa kuna waliomwekea dau, makadirio yanampeleka juu ya 400. Dau kama hilo mezani si mchezo, na anayetoa hela yake kulichangia amechangia kifo.

Kushuka nako kuna udanganyifu wake. Mwaka 1919 Mwingereza Edward Mellanby aligundua, kwa majaribio ya mbwa, kwamba kiwango kilekile cha pombe huonekana kulewesha zaidi kinapokuwa kinapanda kuliko kinapokuwa kinashuka. Kwa binadamu jambo hili limechunguzwa sana tangu hapo. Maana yake mtaani ni hii: saa tisa usiku mtu aliyelala kidogo kwenye kiti huamka akijihisi mwepesi, anasema "sasa niko poa," anachukua funguo. Hisia imetangulia, damu bado iko nyuma.

Aliyekunywa bia nane kati ya saa moja jioni na saa saba usiku, kwa mwili wa kilo 70, hulala akiwa na karibu 240. Saa moja asubuhi, amevaa shati safi na kupiga mswaki, bado ana 150 hivi. Huyo ndiye anayeshika usukani wa basi la shule, nyundo juu ya jukwaa la ujenzi au bomba la sindano. Ajali za asubuhi hazihesabiwi na watu kama za ulevi, kwa kuwa dereva "alilala".

Tiba za mitaani ni nyingi na zinapendwa: kahawa chungu, supu ya kongoro, ndimu na chumvi, maji ya baridi kichwani, kucheza muziki ili jasho litoke, kujitapisha. Supu ina faida yake, humrudishia mtu maji na chumvi na kumtuliza tumbo. Kahawa humwacha mlevi akiwa macho, na mlevi aliye macho ndiye anayeamua kuendesha. Hakuna hata kimoja kinachoiharakisha kazi ya ini. Na kuhusu kuzimua, ambako Wakenya wanakuita kutoa lock, ni kuahirisha tu: maumivu hupungua kwa kuwa kiwango kimepandishwa upya, na yanasubiri alasiri. Mtu anayehitaji kuzimua kila siku ili mikono iache kutetemeka asiache ghafla peke yake nyumbani, kwa kuwa kuacha kwa namna hiyo kunaweza kumletea degedege; aende hospitali, yako matibabu yake.

Ikiwa basi uwezo wa kuamua ndio unaotangulia kuondoka, kila uamuzi unaofaa lazima uwe umefanyika kabla. Gari libaki nyumbani, au funguo zikabidhiwe mtu asiyekunywa kabisa, wala si yule "aliyekunywa kidogo". Nauli ya bodaboda, bajaji au teksi itengwe mfuko mwingine. Na kama ni bodaboda, dereva wake naye aangaliwe, maana kijiwe kilicho mlangoni mwa baa hakikosi majaribu. Anayetembea kwa miguu usiku kando ya barabara kuu akiwa na 150 naye yuko hatarini kama dereva.

Chakula kije kwanza, si mwisho. Nyama choma na ndizi au chipsi mayai zikishatangulia tumboni huichelewesha pombe kufika kwenye utumbo mwembamba, na kilele kinakuwa cha chini. Hazizuii kulewa, zinampa mtu nafasi ya kuhisi kinachokuja. Maji kati ya chupa na chupa hupunguza kasi. Chupa tupu zibaki mezani, kama baa nyingi zinavyofanya kwa ajili ya bili, kwa sababu ndizo shahidi pekee asiyelewa. Anayekunywa pombe kali aipime kwa kipimo, asijimiminie kwa jicho. Mkono wa kumimina hupata ukarimu kadiri usiku unavyosonga. Na raundi, hata kama zina utamu wake wa kindugu, ndiyo njia ya uhakika ya kumfanya mnywaji wa polepole anywe kwa mwendo wa mwenye kiu kuliko wote. Kila mtu kununua na kunywa chake mwenyewe si uchoyo. Ofa inaweza kugeuzwa soda au maji, na kwa anayesita kusema "hapana" mbele za watu, amwambie baamedi mapema pembeni. Wengi wao ni wasiri na wameyaona mengi.

Pombe za kienyeji zina tatizo la kipekee: hesabu haipo. Mnazi uliogemwa asubuhi ni mtamu na mwepesi, lakini chachu haipumziki, na ule wa jioni kutoka mti uleule ni mkali. Mbege, ulanzi, busaa na wanzuki hutofautiana kutoka mtungi hadi mtungi. Gongo na chang'aa ni hatari ya namna nyingine, kwa kuwa humo huweza kuwamo methanoli, ambayo mwili huigeuza kuwa asidi inayoua mishipa ya macho. Novemba 2000, katika mitaa duni ya Nairobi, kinywaji kilichoitwa kumi kumi kiliua watu zaidi ya 100 na kuwapofusha wengine. Aliyekunywa jana na leo akalalamika kwamba anaona ukungu mweupe hana uchovu wa pombe. Apelekwe hospitali saa hiyohiyo.

Dawa nazo hazikai vizuri na glasi. Diazepam, tramadol na hata vidonge vya mafua vinavyoleta usingizi hujumlisha utulivu wake na ule wa pombe, na kinachoelemewa ni kupumua. Metronidazole, inayojulikana zaidi kama Flagyl, madaktari huikataza na pombe. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini, au mtu yeyote aliyekunywa bila kula siku nzima, anaweza kupungukiwa na sukari kupita kiasi, kwa kuwa ini likishughulika na pombe huacha kutengeneza sukari. Dalili zake hufanana na ulevi na watu hucheka badala ya kumsaidia. Mjamzito asinywe kabisa, kwa sababu pombe huvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto.

Limebaki neno moja linalosemwa katika kila baa, kila harusi na kila msiba wenye matanga: "Mwacheni alale, pombe itamtoka." Linasemwa kwa wema. Lakini aliyekunywa glasi mbili za mwisho kwa haraka kisha akaanguka bado hajafika kileleni; pombe iliyo tumboni itaendelea kuingia kwenye damu kwa nusu saa, saa nzima au zaidi akiwa amelala. Kikohozi kinacholinda koo kimelegea, na akitapika akiwa chali anaweza kuvuta matapishi ndani ya mapafu. Mwili wake unapoteza joto kupitia ile mishipa iliyotanuka, hata kama ngozi ilikuwa ya moto mwanzoni. Akilazwa nje penye baridi, Arusha au Limuru mwezi wa Julai, hatari huongezeka.

Alazwe ubavu, goti la juu likunjwe mbele, kichwa kirudishwe nyuma kidogo ili njia ya hewa ibaki wazi, na mdomo uelekee chini. Afunikwe. Mtu mwenye akili timamu akae naye, amwite jina na kumfinya kila baada ya dakika chache. Asipewe kahawa wala chakula, asitapishwe kwa vidole, asimwagiwe maji ya baridi. Asipoamka anapofinywa, akipumua chini ya mara nane kwa dakika au akikaa zaidi ya sekunde kumi bila pumzi, midomo ikigeuka ya buluu au ya kijivu, akitapika akiwa hajitambui, au akipata degedege, hapo hakuna tena la kusubiri asubuhi. Hospitali haina sindano ya kuitoa pombe kwenye damu, lakini ina oksijeni, maji ya mshipa, kipimo cha sukari na watu wa kumsaidia kupumua mpaka ini limalize kazi yake. Anayempeleka amweleze daktari bila aibu alichokunywa, kiasi chake, saa alizokunywa na dawa anazotumia, na kama chupa ipo, aibebe.